Siku Mama Maria Alipopita Mlangoni Kwangu

Siku ile nilifagia chumba mara tatu. Niliazima kitambaa cheupe cha meza kwa mama muuza mkaa, nikanunua mshumaa, nikamwogesha mwanangu na kumvalisha gauni la manjano nililokuwa nimelificha kwa ajili ya ubatizo wake. Mikono yangu niliisugua kwa mafuta ya kula mpaka ikalainika, maana nauza mafenesi ya vipande pale barabarani, na utomvu wa fenesi ukishakushika sabuni haiuwezi. Sikutaka kumpokea Mama wa Mungu na vidole vinavyonata.

Mwezi wa kumi ni mwezi wa Rozari. Sanamu ya Mama Maria ya jumuiya yetu hulala kila siku nyumba moja. Saa kumi na moja jioni wanajumuiya wanakutana kwenye nyumba aliyolala, wanambeba kwa nyimbo hadi nyumba inayofuata, wanasali Rozari huko, wanamwacha. Hakuna ratiba ya karatasi. Ni mlango kwa mlango. Kutoka kwa muuza mkaa, mlango unaofuata ni wetu. Hata mtoto wa chekechea angejua kwamba siku ile ilikuwa zamu yangu.

Walipita.

Nilikuwa nimesimama mlangoni, mtoto mgongoni, mshumaa unawaka mkononi. Walipita wanaimba. Katibu wa jumuiya, mwanamke wa makamo, alikuwa mbele, amekumbatia sanamu kifuani, macho yake mbele kama askari wa gwaride. Wakaingia uani kwa fundi cherehani, mlango unaofuata wangu. Mshumaa niliuzima mwenyewe kwa vidole.

Ili mtu anielewe, lazima aijue habari ya barua. Kwetu hubebi tu mtoto ukaenda kanisani ukasema mbatizeni. Parokia inataka barua ya jumuiya, inayosema unajulikana, unasali, unashiriki. Katibu anaiandika, mwenyekiti anatia sahihi. Bila barua hakuna maji. Na mimi sina ndoa. Baba wa mwanangu yuko kwenye mashamba ya miwa, au alikuwako, kwa sababu namba yake haipatikani tangu mimba ilipoanza kuonekana. Nilipokwenda kujaza fomu, katekista alifika kwenye jina la baba akasimamisha kalamu, akanitazama. Nikamwambia mimi Mluguru, kwetu mtoto ni wa mama, ana lukolo lake, ukoo kamili, hakupungukiwa na kitu. Akasema fomu haina nafasi ya ukoo. Akachora kistari.

Kile kistari kilinikaa kooni. Tangu siku ile kila mtu aliyenisalimia nilimpima: huyu ananisalimia au ananichunguza? Mama mmoja alisema kwenye jumuiya kwamba wasichana wa siku hizi wanazaa kama wanaokota maembe, wote wakacheka, na mimi nikahesabu nani alicheka zaidi. Nikaamini wana kundi lingine la simu, la kunisema. Basi hata lile kundi la jumuiya nikalinyamazisha, nikawa sifungui ujumbe wao. Sikutaka kuwapa faida ya kuona nimesoma.

Barua nilimwomba Katibu mapema. Akanijibu, "Usiwe na wasiwasi, mwanangu, ipo njiani." Wiki tatu zikapita. Barua gani hiyo ina njia ndefu kuliko barabara ya kwenda Kisaki? Ubatizo wa watoto ulikuwa mwezi wa kumi na moja. Asiyebatizwa hapo anasubiri Pasaka, na mwanangu alikuwa na kifua kilichompeleka hospitali mara mbili. Nilikuwa na hofu ambayo sikumwambia mtu.

Na Katibu hakuwa mtu baki. Ndiye aliyenichukua nikiwa na mimba ya miezi saba, kaka yangu aliponiambia nyumba yake haiwezi kubeba aibu. Nililala kwake na mdogo wake, binti wa miaka ishirini na moja anayeshona mashuka ya maua. Walinipikia uji wa pilipili manga nilipojifungua. Yule binti alimbeba mwanangu mpaka mtoto akawa ananusa shingo yake kabla ya kulala. Mwezi wa sita nikapata chumba changu kwenye nyumba ya mzee mmoja Mwislamu, mlango wa jirani na muuza mkaa, nikahama. Hata wema ule nilianza kuutilia mashaka. Nilijiuliza alitaka nini kwangu. Kanisani mtu akikutendea mema, siku moja anayasimulia mimbarani.

Siku moja nikiwa bado kwake, nalia kwa sababu ya kaka yangu, Katibu alikaa pembeni ya kitanda akaniambia jambo. Yule anayemwita mdogo wake ni mtoto wake wa kumzaa. Alimpata akiwa na miaka kumi na minane, kule kwao Matombo, akiwa kwenye mafundisho ya kipaimara. Mama yake alimchukua mtoto akasema huyu ni wangu mimi, kitindamimba wangu, na binti akakua hivyo, anamwita mama yake dada. Padri wa siku hizo hakujua. Aliniambia ili nijue kwamba sikuwa wa kwanza na sitakuwa wa mwisho. Akaniomba nisiseme. Nikaapa.

Sasa turudi barabarani, mimi na mshumaa wangu uliozimwa.

Yule binti alitoka kwenye msafara akanijia. Alimtoa mtoto mgongoni kwangu bila kuuliza, kama alivyozoea, akasema, "Twende basi dada, wanaanza." Mimi nikaona ametumwa kunibembeleza. Nikafuata, lakini sikwenda kusali.

Tulisali matendo mawili ya Rozari. La tatu lilipoanza, Katibu akatamka tusali kwa ajili ya familia zote za mtaa wetu. Familia zote. Nikasimama. Fundi cherehani alinishika upindo wa kanga, nikamtoa mkono. Nikauliza kwa nini Mama Maria ameruka nyumba yangu. Mwenyekiti akasema tumalize kwanza Rozari, tutazungumza. Nikasema tunazungumza sasa. Nilisema mengi, mengine siyakumbuki vizuri, lakini la mwisho nalikumbuka neno kwa neno, kwa sababu nililisema taratibu.

"Kama mnapima dhambi za watu kabla ya kuingia nyumbani kwao, tupime zote. Katibu, huyu unayemwita mdogo wako, si umemzaa wewe?"

Katibu hakukana. Laiti angekana. Alishusha rozari mapajani, akaitazama kama mtu anayetafuta shanga iliyopotea.

Na yule binti alikuwa amesimama ukutani, mwanangu mikononi mwake, amelala. Alimtazama Katibu. Halafu alinitazama mimi. Halafu akamkabidhi mtoto kwa mke wa fundi, polepole, akamshikia kichwa kisianguke, akatoka. Kesho yake asubuhi akapanda lori la ndizi linalorudi tupu, akaenda Matombo.

Kesho hiyohiyo mwenyekiti alikuja. Ni mwanaume mkimya, mstaafu wa reli, alikuwa amerudi juzi tu kutoka msibani Kisaki. Alisimama uani hakutaka kiti. Akaniambia nyumba yetu ilirukwa kwa sababu ni ya mzee wa Kiislamu. Waliona si adabu kuingiza sanamu chini ya paa la mtu ambaye dini yake haitaki sanamu, na si adabu kumweka mzee wa watu mahali pa kukataa. Hivyo tu. Nikamwambia hiyo sababu mmeitengeneza leo asubuhi.

Mwenye nyumba alikuwa anatia udhu bombani. Ana masikio makali kuliko umri wake. Akauliza kuna nini na nyumba yake. Mwenyekiti akamwamkia shikamoo, akamweleza kwa heshima nyingi. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, maji yanamchuruzika viwikoni.

"Sanamu siipendi, sikufichi," alisema. "Lakini chumba ni cha huyu binti, na Bi Mariamu hata sisi tunamjua. Nani kati yenu alikuja kuniuliza?"

Mzee akanigeukia. "Na wewe mjukuu wangu, ulipofagia mara tatu, uliniuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Wao walihisi atakataa, mimi nilihisi wananikataa, na yeye alikuwa pale muda wote anakunywa kahawa yake. Mtaa mzima tulikuwa tumesomana mioyo kama vile sisi ni Mungu.

Bado sikuamini. Mwenyekiti alipoondoka nilifungua lile kundi la simu nililolinyamazisha, nikapandisha juu, juu, nikipita matangazo ya misiba na michango ya maua. Nilikuwa natafuta ushahidi wa kuwatia hatiani. Nikakuta ujumbe wa Katibu, wa siku sita kabla. Aliandika kwamba kwa heshima ya mzee wataruka nyumba ile, lakini dada yetu asikose baraka, kwa hiyo siku ya zamu ya Katibu mimi nitakwenda kwake na mtoto, tutalala huko na Mama Maria. Chini yake watu kumi na wawili wameweka vidole gumba na mioyo. Yule mama wa maembe aliandika, "Mimi nitaleta chai."

Niliusoma mara nyingi. Nilitafuta unafiki ndani yake, neno kwa neno. Sikuupata, na hilo liliniudhi kuliko kama ningeupata.

Jumamosi nikaenda kitubio. Nilipiga magoti nikaeleza, nikaanza na hasira, nikataja kiapo nilichovunja. Nilikuwa nimejiandaa kwa hukumu. Kwa kweli niliitaka. Nilitaka padri aniambie nimefanya jambo baya sana, ili nami nibishane naye. Aliniuliza tu kama najuta. Nikasema ndiyo. Akanipa ondoleo. Nikabaki nimepiga magoti.

"Ndiyo hivyo tu, Padri?"

"Mungu amemaliza," akasema. "Yule binti bado. Mimi siwezi kukusamehe kwa niaba yake."

Nilitoka pale nina mashaka na huruma ya Mungu kuliko nilivyowahi kuwa na mashaka na hasira yake. Hasira naielewa, nimekulia ndani yake. Lakini kitu kinachotolewa upesi namna ile, bila kukufokea, unakishikaje? Sokoni mtu akikupa fenesi zima bure, unalibonyeza kwanza uone lilipooza.

Nikapanda Matombo siku ya Jumatatu, mtoto mgongoni, kwa bodaboda, kwa sababu mvua ilikuwa imeanza na magari mengine yalikuwa yanakwama kwenye utelezi. Mwendesha bodaboda alinishusha chini ya kilima, nikapanda kwa mguu kati ya migomba. Nilimkuta bibi, yule aliyemlea binti kama wake, amekaa kwenye kigoda anatandaza pilipili manga kwenye mkeka baina ya mvua mbili. Nikapiga goti nikamwamkia. Aliendelea kutandaza mpaka akafika ukingo wa mkeka, ndipo akasema, "Marahaba. Wewe ndiye mdomo."

Nikasema ndiye mimi.

Alisema kwa Kiswahili chenye Kiluguru ndani yake, nami najaribu kukiandika kama nilivyokisikia. Alisema kwenye ukoo hakuna kilichofichwa. Wajomba wote walijua, shangazi walijua, hata waliomtambikia mtoto jina walijua katoka tumbo gani. Waliofichwa ni watu wa kanisani.

"Tuliliogopa kanisa kuliko tulivyomwogopa Mungu," alisema. "Mungu si alimwona anazaliwa? Alikuwepo hapo ndani, hakusema kitu."

Lakini na binti mwenyewe hakuambiwa, nikasema. Bibi akageuza pilipili zilizokwisha kugeuzwa.

Binti alitokea nyuma ya nyumba na ndoo. Mwanangu alipomwona alianza kurukaruka mgongoni kwangu, akanyoosha mikono. Binti hakumchukua. Aliweka ndoo chini. Zamani aliniita dada kila sentensi. Siku ile hakuniita kitu.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu mimba ya huyu."

"Kwa hiyo mwaka mzima unaniona nambeba mwanao, unajua mimi ni nani, mimi sijui."

"Ndiyo."

"Ukaliweka. Ukaliweka mpaka siku utakapolihitaji."

Nilitaka kujitetea. Nilikuwa na maneno, mimi sikosi maneno. Lakini alikuwa amesema kweli tupu. Sikuliropoka lile neno kwa bahati mbaya. Nililitunza kama mtu anavyotunza kisu cha fenesi, kimepakwa mafuta, tayari. Nikamwambia nimekosa. Nikamwambia sikuja kuomba aseme kitu.

"Vizuri," akasema, "kwa sababu sisemi kitu. Sijui nikupige au nikushukuru. Nikijua nitakuja mwenyewe."

Akabeba ndoo yake. Mwanangu alilia mpaka chini ya kilima. Na mimi nililia, lakini kwa hasira, na sasa sikuwa na mtu wa kumpa hiyo hasira.

Zilibaki siku tano kufika ubatizo. Nilikuwa nimeshakata tamaa ya barua. Nilijiambia nisiende kuiomba, maana kumwomba Katibu barua baada ya nililomtendea ni kumtukana mara ya pili. Nilikuwa na mpango wa kuhamia mtaa mwingine, jumuiya nyingine, nianze upya kujulikana.

Alinikuta barabarani kwenye meza yangu. Alikuwa amekonda usoni. Nilikuwa katikati ya kupasua fenesi, mikono yote miwili imejaa utomvu, sikuweza hata kumpa mkono. Nilimwamkia, akaitikia. Akatoa bahasha kwenye mkoba, akaiweka mezani, mbali na maganda.

"Soma."

"Mikono yangu michafu."

Akaitoa mwenyewe karatasi akanishikia mbele ya macho, kama mtu anavyomshikia mgonjwa. Ilikuwa barua ya jumuiya. Jina la mwanangu, jina langu, kwamba tunajulikana, tunasali, tunashiriki. Sahihi ya mwenyekiti, ya wino mpya. Lakini tarehe ya juu na sahihi ya Katibu zilikuwa za wiki tatu kabla ya siku ile ya mshumaa. Aliiandika siku ileile nilipomwomba. Ilikuwa inamsubiri mwenyekiti arudi kutoka Kisaki. Na kwenye nafasi ya msimamizi wa ubatizo, kwa mwandiko wake ulionyooka, alikuwa ameandika jina la yule binti. Tulikuwa tumekubaliana hivyo, sisi watatu, mwezi wa nane, tunakula mihogo. Halikuwa limefutwa.

Nilimuuliza kwa nini. Nilimuuliza kwa ukali, sikujua kuuliza vingine.

"Sijakusamehe," Katibu alisema. "Usinielewe vibaya. Naamka asubuhi nakuchukia, halafu nasali, halafu nakuchukia tena. Lakini hii si msamaha wangu. Hii ni ya mtoto. Siwezi kumwadhibu mtoto kwa mambo ya mama yake. Mmoja nilishamwadhibu."

Nikamuuliza kama binti atakuja. Akasema amemtumia ujumbe, umesomwa, haujajibiwa. Akachukua chupa yangu ya mafuta, akanimiminia viganjani bila kuniambia nifungue mikono, akaenda zake.

Jumamosi ya ubatizo tulifika watoto kumi na wanane. Mwanangu alikuwa na gauni lile la manjano, limeanza kumbana kwapani. Mzee mwenye nyumba alitusindikiza hadi geti la kanisa, akasema yeye atakaa hapo nje chini ya ukuta, atamsikia mjukuu wake akilia kwa baridi ya maji. Katibu alikaa benchi la tatu. Mama wa maembe alikuja na chupa ya chai. Niliwatazama wote, nikajiuliza nani amekuja kusali na nani amekuja kuona kama nitasimama peke yangu. Tabia haibatizwi siku moja.

Wenzangu walikuwa na wasimamizi wao ubavuni. Katekista alipita na orodha, akafika kwangu, akasimamisha kalamu ileile. "Msimamizi yuko wapi?"

Nikatazama geti. Akasema akikosekana mtoto atasubiri Pasaka, ndio utaratibu. Nilihesabu miezi, nikakisikiliza kifua cha mwanangu kinavyokwaruza. Nilikuwa tayari kugombana naye hapo mlangoni, mbele ya watoto kumi na wanane.

Alikuja akitokea upande wa barabara, viatu vimejaa udongo mwekundu wa Matombo, kitambaa cha kichwa amekifunga vibaya. Hakunisalimia. Hakumtazama Katibu. Alinyoosha mikono tu, na mwanangu akamrukia, akaweka pua yake shingoni mwake pale alipozoea. Katekista akaandika.

Padri alituuliza kwa sauti ya kanisa zima kama tunamkataa shetani. Wazazi na wasimamizi wengine wakajibu kwa pamoja, "Namkataa." Binti yeye alijibu kwa kuchelewa kidogo, peke yake, akinitazama mimi machoni.

Na mimi nilikuwa sijajibu bado. Nikajibu, namtazama yeye.